Visiwa vya Mbali na Visiwa vya Karibu: Tulivyopanga Likizo ya Familia Yetu



Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), ahli zake, Maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka siku ya mwisho. Ama baada ya hayo,

Ndugu zetu katika imani, wazazi wenzetu, na nyinyi wanafunzi wetu wapenzi: tumezoea kuzungumza nanyi kuhusu swala, funga, ndoa na malezi. Leo tumeona tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa lina uhusiano na dini, nalo ni likizo ya familia. Wapo wanaodhani kuwa likizo ni mambo ya matajiri na ya watu wasio na kazi ya kufanya. Sisi wenyewe tulikuwa na fikra hiyo kwa miaka mingi, mpaka watoto wetu walipotufundisha vingine. Tunaomba ndugu msomaji utuvumilie, kwani katika kisa hiki yamo yanayotuaibisha, na tumeyaandika kwa kutaraji kuwa yatamfaa mzazi mwingine.

Swali la mtoto

Sisi ni familia ya watu saba, tunaishi Kawempe hapa Kampala. Kuna baba na mama, watoto wanne, na mama yetu mzazi ambaye watoto wanamwita Jaja, kama ilivyo kawaida ya mji huu. Kazi yetu ni kusomesha madrasa. Asubuhi tunafundisha somo la dini katika shule, jioni tuko madrasa mpaka Magharibi, na mwisho wa wiki kuna darsa za watu wazima, kuna nikaha, kuna maziko. Alhamdulillah, hatulalamiki. Hata hivyo mwalimu wa madrasa ana balaa moja ambalo wenzetu wa kazi hii mtalielewa: watoto wa mtaa mzima wanamjua vizuri kuliko wanavyomjua watoto wake.

Siku moja kitinda mimba wetu, mwenye miaka minane, alikuja na atlasi aliyoazima shuleni. Akaiweka juu ya mkeka akatuonyesha vitone vidogo katikati ya bahari ya Pasifiki. "Baba, hapa panaitwa Samoa. Mwalimu amesema kuna minazi na maji ya buluu, na watu wanakwenda kupumzika. Sisi tutakwenda lini?"

Tulicheka, tukamwambia, "In shaa Allah, tutapanga." Binti yetu mkubwa, ambaye yuko kidato cha nne, alikuwa akipiga pasi sare yake. Hakuinua hata uso. Akasema kwa upole, "Baba, wewe ukisema tutapanga, mimi nitakuwa nimeshaolewa."

Neno hilo lilituingia. Lau angesema kwa hasira tungemkanya, lakini alilisema kama mtu anayetaja tarehe ya kalenda. Usiku ule mama watoto naye akaongeza lake: "Amesema kweli. Mwaka huu anamaliza kidato cha nne, halafu atakwenda bweni, halafu chuo. Umebakiwa na mwaka mmoja wa kuwa naye nyumbani, na mwaka wenyewe unausomesha watoto wa watu."

Tulikumbuka kisa cha Salman na Abu Dardaa (Radhiya Allahu anhuma) ambacho tumekisomesha mara nyingi, namna Salman alivyomnasihi ndugu yake kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahli zake wana haki, na Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) akathibitisha kuwa Salman amesema kweli. Tulikuwa tukiifundisha hadithi hii kama inawahusu watu wengine.

Tulipoipima Samoa

Ili tusimvunje moyo mtoto tukaifanya Samoa kuwa somo. Kwa wiki nzima baada ya Ishaa tulikaa na atlasi ile, na tunakiri kwamba sisi tulijifunza zaidi yake.

Samoa ni nchi ya visiwa, vikubwa vikiwa viwili, Upolu na Savai'i, na mji mkuu wake ni Apia. Ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1962, na Uganda yetu ikapata tarehe 9 Oktoba mwaka huo huo, kwa hiyo tuko rika moja. Wakaaji wake ni kiasi cha laki mbili na kidogo tu, na karibu wote ni Wakristo. Mwaka 2009 walihamisha magari kutoka upande wa kulia wa barabara kwenda kushoto, kama tunavyoendesha hapa kwetu. Kutoka Entebbe hakuna ndege ya kwenda moja kwa moja: msafiri atapita Ghuba, kwa mfano Dubai au Doha, kisha New Zealand au Australia, ndipo aelekee Apia.

Jambo lililowashangaza watoto ni habari ya Ijumaa iliyopotea. Nchi ile iko karibu na mstari wa tarehe, pale ambapo siku ya dunia huanzia na kuishia. Kwa ajili ya biashara na majirani wao, mwishoni mwa mwaka 2011 waliamua kuhamia upande wa pili wa mstari. Watu walilala usiku wa Alhamisi tarehe 29 Disemba wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa haikuwepo kabisa katika kalenda yao.

"Sasa waliokuwa wanataka kuswali Ijumaa?" akauliza mtoto wetu wa pili. Swali zuri! Tukalipeleka madrasa, na wanafunzi wakubwa wakabishana jioni nzima. Mmoja akasema jua halikuruka, ni watu waliobadilisha majina ya siku. Mwingine akasema Muislamu anafuata siku ya mji aliomo. Hatukuwapa jibu siku ile. Tuliwaacha waone kwanza kwamba fiqhi inafuata maisha ya watu mpaka mwisho wa dunia.

La pili lilikuwa qibla. Sisi wa Kampala tunaelekea kaskazini, tukiinamia mashariki kidogo. Mtu wa Apia anaelekea magharibi akiinamia kaskazini. Na mbele zaidi, katika visiwa vya Polynesia vilivyo chini ya Ufaransa, ndipo ilipo sehemu ya ardhi iliyo kinyume kabisa na Makka, yaani ungetoboa tundu kutoka Al-Ka'ba kupitia katikati ya dunia ungetokea huko baharini. Kisiwa kidogo kiitwacho Tematangi kiko karibu na sehemu hiyo. Mtu aliyesimama hasa pale, kila upande atakaoelekea ni qibla, kwani masafa ya kwenda Makka ni sawa pande zote. Jaja aliposikia haya alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Subhanallah. Basi hata aliye mbali kuliko wote hakuachwa bila njia."

Hesabu ya nauli ya watu saba hatukuimaliza. Tulipofika nauli ya mtu wa pili tulifunga daftari. Mtoto naye aliridhika, maana alishaijua Samoa kuliko mwalimu wake.

Nia ya kwenda Unguja

Hapo ndipo Jaja alipotoa la moyoni. Baba yake, babu yetu, alikuwa fundi cherehani, na Qur'ani alisomeshwa na mwalimu aliyetoka Unguja. Mwalimu yule alikuwa akiwasimulia habari za bahari. "Alituambia maji yote yale, usiyoyaona mwisho wake, yana chumvi," Jaja akasema. "Mimi nina miaka sabini na kitu. Sijawahi kuyaonja."

Wasomaji wetu mnajua kuwa Uislamu ulifika Buganda kwa njia ya wafanyabiashara waliotoka pwani na Zanzibar. Inasimuliwa kwamba Ahmed bin Ibrahim aliingia katika baraza la Kabaka Suuna II mwaka 1844. Kumpeleka mtoto wa Kampala Zanzibar, basi, ni kumrudisha njia walimu wetu walikopita. Tuliwaeleza watoto habari za Mji Mkongwe, na msikiti wa Kizimkazi ambao maandishi yake yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Furaha ilijaa nyumbani.

Tukaanza kuuliza. Kwa basi unakwenda mpaka Dar es Salaam, ama kwa Nairobi na Arusha, ama kwa Mutukula, na ni safari ya zaidi ya mchana na usiku. Kutoka Dar ni boti ya kasi, kiasi cha saa mbili. Raia wa Uganda hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini anahitaji pasi, na kila mtoto awe na yake. Pasi ya kawaida kwetu ni shilingi 250,000 kwa mtu. Inatakiwa pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Uganda imo katika nchi zenye ugonjwa huo. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar imeweka bima ya lazima kwa wageni wa nje, kwa hiyo msafiri aulize mapema kiwango kinachomhusu. Pasi peke yake kwa watu saba ni shilingi 1,750,000, kabla hujapanda basi.

Tukatengeneza sanduku la mbao lenye tundu juu na kufuli. Lengo letu lilikuwa milioni sita, hata ikichukua miaka miwili. Kila mmoja alitia. Mama watoto alitia faida ya sambusa zake. Binti mkubwa alitia fedha za kusuka nywele za majirani. Mdogo alitia sarafu zake za Idd zote, akabaki anatikisa sanduku asikie. Jaja alitia noti ya elfu moja kila Ijumaa. Ufunguo tuliushika sisi.

Sanduku lilipokuwa jepesi

Sasa tunafika pale ambapo tungependa kupapita haraka, lakini haifai.

Mwezi wa Aprili mvua za masika zilishika, na mabati ya madrasa yetu yakawa yanavuja juu ya watoto. Misahafu na majuzuu yalilowa. Tuliwaomba wazazi mchango, wakaahidi. Fundi akasema hawezi kungoja ahadi. Usiku mmoja, nyumba imelala, tukafungua sanduku tukatoa shilingi 900,000. Tulijiambia maneno matatu: kwamba ni kazi ya Allah, kwamba ni mkopo wa wiki tatu tu, na kwamba sisi ndio baba wa nyumba. Hatukumwambia mtu.

Paa likapona. Mchango wa wazazi ulikuja kidogo kidogo, nao ukaenda kwenye mikeka na mishahara ya walimu wasaidizi. Wiki tatu zikawa miezi miwili.

Usiku mmoja wa Juni, baada ya Ishaa, binti yetu alikuja uani tulipokuwa tunatia udhu kwa ajili ya kulala. Akasimama mbali kidogo. Akasema, "Baba, sanduku limekuwa jepesi. Nililinyanyua nilipokuwa nafagia." Akanyamaza. "Ni wiki tatu sasa. Sijamwambia mtu."

Ndugu msomaji, wiki ile ile tulikuwa tumewasomesha juzuu ya amana. Tulisimama mbele ya watoto sitini tukawaeleza aya ya 58 ya Suratun Nisaa, kwamba Allah anatuamrisha tuzirudishe amana kwa wenyewe. Binti yetu alikuwa ameketi safu ya nyuma na wasichana, anatusikiliza, hali anajua. Alitusitiri. Mtoto wa miaka kumi na sita alimsitiri baba yake kwa wiki tatu, na baba ndiye aliyekuwa akisomesha.

Wapo watakaotujibu kwa ile hadithi isemayo kuwa mtu na mali yake ni wa baba yake. Tunaijua, na usiku ule nafsi yetu iliileta haraka sana! Lakini wanazuoni wengi wameifasiri kwa masharti: kwamba baba achukue kwa haja yake ya kweli na bila kumdhuru mtoto. Sisi hatukuwa na njaa. Na sehemu ya fedha zile haikuwa ya watoto tu, ilikuwa ya mke na ya mama mzee. Kutumia mali ya watu katika jambo la kheri bila idhini yao hakuigeuzi kuwa yako. Aliyetaka kutoa sadaka atoe chake.

Tulimwambia binti yetu, "Umesema kweli, na sisi tumekosa. Tusamehe." Akalia. Sisi pia.

Shura chini ya mfenesi

Jumamosi iliyofuata, baada ya Alasiri, tulitandika mkeka chini ya mfenesi wa uani tukawaita wote. Tukaleta sanduku na ufunguo. Tukaeleza kila kitu bila kujitetea, tukahesabu mbele yao. Mlikuwa na shilingi 1,910,000. Zilizokosekana ni 900,000.

Mama watoto hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ungeniambia, ningekupa. Madrasa ile mimi pia nimeijenga. Kilichoniuma ni kwamba ulinifanya mtu wa nje." Hatukuwa na jibu. Mtoto mdogo akauliza kama na sarafu zake za Idd zimekuwa bati. Tukamwambia ndiyo, baadhi yake. Akafikiri, akasema, "Nionyesheni bati lipi."

Jaja ndiye aliyefungua njia. Alisema deni lina dawa, nayo ni kulipa, na kwamba watu waliokaa mkekani wasiondoke bila kuamua. Tukakumbuka kuwa Allah amewasifu waumini katika Suratush Shuura aya ya 38 kwa kushauriana katika mambo yao. Tulikuwa tumeifanyia shura kila kamati ya msikiti, na nyumba yetu tukaiendesha kwa amri.

Tukaafikiana mambo manne:

Kwanza, deni lile tutalilipa sisi peke yetu, shilingi 75,000 kila mwezi kwa miezi kumi na miwili, na limeandikwa katika karatasi yenye mashahidi wawili, mama watoto na Jaja.

Pili, ufunguo umehama kwetu. Anaushika binti mkubwa, naye akienda bweni ataushika mdogo wake.

Tatu, safari ya Unguja haijafutwa, imesogezwa mbele.

Nne, mwaka huu hautapita bila safari. Disemba, binti akishamaliza mitihani yake, tutakwenda visiwani, in shaa Allah. Visiwa vyetu wenyewe.

Ssese, visiwa tulivyovisahau

Ni binti mkubwa aliyeleta rai hiyo. "Tumetafuta visiwa mpaka mwisho wa dunia," alisema, "na Ziwa Nalubaale lina visiwa themanini na vinne vya Ssese hapo Kalangala. Hakuna anayehitaji pasi." Wote tuligeuka tukatazamana. Tumeishi Kampala miaka yote hii, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika.

Kisiwa kikubwa ni Bugala. Njia ni mbili: ama kwa meli inayotoka Nakiwogo, Entebbe, ama kwa barabara mpaka Masaka, kisha Bukakata, na kutoka hapo kivuko mpaka Luku. Kivuko hiki kwa miaka mingi kimekuwa kikivusha watu bila nauli. Tulichagua njia ya pili kwa sababu majini ni muda mfupi zaidi, na Jaja ana hofu ya maji tangu aliposikia habari za MV Bukoba mwaka 1996. Hofu yake si ya bure. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe ilizama ziwani upande wa Mukono, ikafa watu zaidi ya 30, nayo ilikuwa imejaza kupita kiasi.

Watoto wameambiwa pia historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana kando ya ziwa, hata serikali ya wakati ule ikawahamisha wakaaji wa visiwa hivi, na wengine wakarudi baadaye. Siku hizi Bugala ina mashamba makubwa ya michikichi, na watu wanaishi kwa mawese na uvuvi. Minazi ya atlasi hatutaikuta, ila michikichi kwa mbali inafanana nayo, na kitinda mimba amesema inatosha.

Hesabu yetu ya watu saba kwa siku nne ni shilingi 1,120,000: usafiri 560,000, vyumba viwili kwa usiku tatu 360,000, chakula na dharura 200,000. Sandukuni zitabaki 790,000, na deni letu likilipika zitafika 1,690,000, ambazo zinakaribia pasi za watu saba. Bado tuko njiani kwenda Unguja.

Mambo tuliyoyaweka katika daftari la safari

Wazazi wengi wametuuliza tulivyopanga, nasi tunayataja kwa ufupi ili kila familia ichukue linaloifaa.

1. Nia. Qur'ani inatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame namna Allah alivyoanzisha uumbaji, rejea Suratul Ankabuut aya ya 20. Safari ya mapumziko ikinuiwa kuunga familia na kutafakari haipotei bure. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alishindana mbio na Mama Aisha (Radhiya Allahu anha) wakiwa safarini, pamoja na mzigo wote wa Umma aliokuwa nao.

2. Madeni. Msafiri aandike anachodai na anachodaiwa, na aache wasia kwa mtu mwaminifu.

3. Kiongozi. Sunna ni wasafiri watatu au zaidi wachague mmoja awe amiri wao. Tulimchagua mama watoto. Amekubali kwa sharti kwamba simu ya baba itazimwa baada ya Alasiri.

4. Swala. Kampala mpaka Masaka peke yake ni kiasi cha kilomita 130, nayo imepita masafa ya kupunguza swala kwa rai ya wanazuoni walio wengi, ambayo ni kilomita themanini na kitu. Tutapunguza za rakaa nne ziwe mbili, na tutakusanya tukihitaji. Wanafunzi, hili ndilo somo lenu la kitabuni mtakalolifanya kwa miguu yenu.

5. Chakula. Samaki hana tatizo la kuchinjwa, na ziwa limejaa sato na sangara, ambao hapa kwetu ni ngege na mputa. Nyama tutauliza imechinjwa na nani.

6. Maji. Kando ya ziwa kuna kichocho, ugonjwa unaotokana na vijidudu wanaotoka kwa konokono wa maji na kupenya ngozi. Tumewaambia watoto mapema: tutatembea ufukweni, hatutaogelea penye majani na maji yaliyotulia. Chandarua cha mbu ni lazima.

7. Chombo. Hatupandi boti isiyo na jaketi okozi kwa kila mtu, hata kama nauli imeshalipwa, na hata kama nahodha ni Muislamu mwenzetu na anasema tawakkul. Kutawakali kunakuja baada ya kumfunga ngamia.

8. Stara na adabu. Wasichana wetu wana nguo za stara za kuchezea majini, zimeshashonwa nyumbani. Na tunakwenda nchi ya watu wenye mila zao, kwani Ssese inajulikana tangu zamani kwa matambiko. Tutawaheshimu wenyeji wala hatutashiriki, na taka zetu tutarudi nazo.

Chumvi

Jambo moja lilikuwa likitusumbua. Tulimwahidi Jaja bahari, tunampeleka ziwani. Jioni moja tulikaa naye tukamsomea Suratu Faatir aya ya 12, ambapo Allah anatukumbusha kuwa maji mawili hayalingani: haya matamu yenye kukata kiu, na yale ya chumvi yenye kuchoma, na kutoka yote watu wanapata kitoweo kibichi. Tukamwomba radhi kwamba mwaka huu atayaonja yale ya kwanza tu.

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu," akasema, "nimekuzaa, nimekulea, nimekungoja miaka arobaini ukae nami siku nne bila mtu kukuita Maalim. Twende huko huko. Chumvi tutaibeba nyumbani."

Basi ndugu zetu, tunawausia na tunajiusia wenyewe kwanza. Muwape ahli zenu haki yao kabla hawajaacha kuidai, kwani mtoto anayenyamaza si kwamba ameridhika. Msafiri asiyeweza kufika Samoa afike Unguja, asiyeweza Unguja afike Ssese, na asiyeweza Ssese atandike mkeka chini ya mti wa uani kwake, azime simu. Na lililo amana, hata likiwa sarafu za Idd za mtoto wa miaka minane, liwe amana.

Tunamuomba Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) atusamehe tuliyoyakosea watu wa nyumba zetu, awape wanafunzi wetu wa kidato cha nne mafanikio katika mitihani yao, awalinde wasafiri wote wa nchi kavu na wa majini, na ampe mama yetu umri wa kuionja bahari. Aamiyn.

Wabillahi Tawfiq. Wassalaamu Alaykum Warahmatullahi Wabarakaatuh.